Pindo la Nyuma

Mimi ni fundi cherehani. Kwetu sketi ikining'inia nyuma hatukati mbele. Mume wangu amekaa nami miaka ishirini na sita, amekula makande yaliyonunuliwa kwa pesa za mapindo ya watu, lakini neno hilo halikumwingia mpaka mwaka huu, siku gari la marehemu baba yake lilipopelekwa gereji kunyanyuliwa mkia, likarudi limekaa chini kuliko lilivyoondoka.

Gari lenyewe ni Ford Capri. Aliyekulia enzi za Noah na IST huenda hajawahi kuliona moja likitembea. Lina milango miwili, pua ndefu, mkia mfupi, na dereva anakaa nyuma kabisa kama mtu aliyechelewa ibada. Wamarekani walipotoa Mustang mwaka 1964, vijana wa dunia nzima waliitamani. Ford wakaona Ulaya nako kuna vijana, wakatengeneza Capri mwaka 1969, Mustang ya mwenye mshahara wa kawaida, na wakaendelea nayo hadi 1986. La kwetu lina injini ya sisi 1600. Kelele linazo, mbio ni hivyo hivyo tu.

Baba mkwe alikuwa karani wa Shirika la Reli la Afrika Mashariki, Nairobi. Mwaka 1976 aliona Jumuiya inayumba, akafunga virago, akampakia mkewe na masufuria, akapita Voi, Taveta na Holili hadi Same. Februari 1977 mpaka ukafungwa, na ukabaki umefungwa hadi 1983. Angengoja kikao kimoja zaidi, hili gari lingezeekea Kenya, nami leo ningekuwa na nafasi ya kuanika nguo uani.

Sebuleni kwetu ipo picha ya safari ile. Baba mkwe amevaa bugaluu, miwani myeusi, kiwiko amekiegemeza kwenye bodi, na mkia wa Capri umenyanyuka juu kama jogoo anayetaka kuwika. Baba Watoto ameitazama picha hiyo tangu ana miaka saba. Kwake huo mkia ndio ujana wa baba yake, na ndio sababu ya kisa chote hiki.

Kwa sababu mkia wenyewe ulishaanguka zamani. Miaka hamsini kasoro ya kuteremsha ndizi, maharage na tangawizi kutoka milimani si mchezo. Chini ya gari hilo, nyuma, hakuna springi za kujiviringa; yapo mabapa ya chuma yaliyopangwa pamoja, refu juu, mafupi chini, yamefungwa katikati na kupinda kama upinde. Upinde wetu ulikuwa umenyooka. Tukipita tuta lolote la barabara kuu, ekzosi inalamba lami, na watoto wanaouza vitunguu wanacheka.

Nilipima kwa tepu yangu ya kushonea, kutoka ardhini hadi ukingo wa bodi juu ya gurudumu. Mbele sentimita 64. Nyuma 57. Nikaandika kwenye daftari la wateja, ukurasa wake peke yake, mahali pa jina nikaandika "Capri".

"Sentimita saba tu," nikamwambia. "Linyanyue lilingane, yaishe."

Kulingana hakukuwa shabaha yake. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi vijana wa Marekani wanavyonyanyua mikia ya magari yao ya zamani, wapate nafasi ya matairi mapana na waonekane kama wanaokwenda kwenye mashindano ya robo maili. Nikamuuliza robo maili hiyo ataikimbia wapi, kati ya stendi na sokoni? Akaniletea habari za Safari Rally, na Bert Shankland wa Dar es Salaam aliyeshinda mwaka 1966 na tena 1967. Nikamkumbusha kwamba Shankland aliendesha Peugeot 404. Akasema vumbi ni lile lile.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Ni ya kando ya barabara kuu, kazi yao Fuso na pikapu, na kwa Fuso na pikapu wanajua. Walichukua vitofali viwili vya chuma, kila kimoja unene wa sentimita tano, wakaviweka kati ya ekseli na springi, wakafunga yubolti ndefu, wakapokea shilingi elfu arobaini. Baba Watoto aliingia uani anapiga honi.

Nikatoka na tepu. Nyuma, 52.

"Mama Watoto, hiyo tepu yako imevutika."

Nikapima mbele ya macho yake. 52. Nikapima mbele ya gari, 64 ile ile. Akachuchumaa, akainamisha kichwa, akafumba jicho moja. Akasema labda kiwanja chetu kina mteremko. Tumeishi kwenye kiwanja hicho miaka kumi na tisa.

Jibu lilitoka kwa mzee mmoja fundi, mwenyeji wa Mamba, ambaye ujana wake wote alitengeneza malori ya mashamba ya mkonge. Alikuja jioni, akalala chali chini ya gari kwa muda wa kunywa chai, akatoka akicheka bila sauti. Akaomba ubao wangu wa kupigia pasi na kitabu kimoja.

"Mama, tazama. Pikapu, ekseli iko chini, springi imekaa mgongoni kwake. Ukiweka kitofali katikati, springi inapanda, na gari linapanda nayo. Sasa hili la Baba, ekseli ndiyo imekaa juu ya springi. Ukiweka kitofali, nani anapanda? Ni ekseli na matairi yake, yanaingia tumboni mwa gari. Gari linakaa chini." Akashusha ubao juu ya kitabu. "Huko Ulaya wanaotaka gari la namna hii liwe chini, hivi ndivyo wanavyofanya. Vijana wamefanya kazi safi kabisa, ila wamekwenda upande wa pili."

Mume wangu alitaka kesi. Watani wetu husema Mpare huuza ng'ombe apate nauli ya kesi ya kuku, na mimi, Mpare niliyeolewa na Mpare, siwezi kuapa kwamba wanasingizia. Alikuwa ameshatafuta kalamu. Nikamwambia barazani utaulizwa uliomba nini, utasema niliomba kunyanyua, wataliangalia gari, watacheka, na bado gari litakuwa chini. Kalamu ikarudi mfukoni, lakini si siku ile. Ilichukua siku mbili.

Hapo ikaingia habari ya kipaimara. Jumapili hiyo, kanisani Mbaga, mpwa wa mume wangu alikuwa anabarikiwa pamoja na wenzake, na magauni meupe tisa ya wasichana nilikuwa nimeyashona mimi. Magauni yalipaswa kuwa Mbaga Jumapili kabla ya kengele ya kwanza. Baba Watoto alikuwa ameshawaambia ndugu zake wote kwamba atayapeleka na Capri, mkia juu.

Alhamisi yule mzee akaanza. Vitofali vikatoka, tukarudi 57. Yeye alitaka mabapa yapelekwe kwa mhunzi yakapindwe upya. Baba Watoto alitaka njia ya mkato aliyoiona kwenye simu: vile vibao viwili vya chuma vinavyoning'iniza mkia wa springi kwenye bodi, virefushwe. Mzee akamweleza kwamba ukirefusha sentimita kumi utapata tano, kwa sababu kibao kiko mwisho wa springi na ekseli iko katikati. Na utakuwa umeigeuza ekseli pembe yake, difu itaangalia pasipo pake, na propela italalamika. Mume wangu akasema tujaribu tu. Mzee akajaribu; nadhani alitaka Baba Watoto afundishwe na gari lenyewe.

Nyuma, 62. Hesabu ya mzee haikukosea hata nukta.

Tulilitoa kwenda barabara ya Dar es Salaam hadi njia panda ya Mwembe, kilomita tano hivi. Mpaka hamsini lilikuwa gari. Lilipofika sitini likaanza kuvuma kutoka chini ya viti, mvumo wa cherehani iliyokosa mafuta, na mkia ukawa unapepesuka kila basi la Arusha lilipotupita. Tuliporudi mzee akamwonyesha mpira wa breki ya nyuma. Ulikuwa umekazwa kama uzi wa mwisho kwenye bobini. Baba Watoto aliutazama, akamtazama mzee, akasema, "Haya, twende kwa mhunzi."

Ijumaa asubuhi springi zikafunguliwa. Gari likalala kwenye mawe manne mbele ya banda la kuku, na mzee na mume wangu wakapanda bodaboda mbili, kila mmoja amebeba springi mapajani kama mgonjwa.

Uhunzi kwetu si kazi ya jana. Kabla Mjerumani hajafika, majembe ya chuma cha Upare yalikuwa yanavuka kwenda kuuzwa kwa Wachaga, na ukoo wa Washana wa kule Upare Kaskazini ulijulikana kwa moto na nyundo. Huyu wa Same hakuniambia ukoo wake, lakini aliyafungua mabapa moja moja, akayapanga kwa urefu, akachukua lililo refu, akalilaza juu ya vipande viwili vya reli vilivyoachana, akalipiga katikati. Akasogeza unene wa vidole viwili, akapiga. Akasogeza. Moto hakuutumia. Mume wangu, aliyetegemea kuona cheche, alimuuliza kulikoni. Akaambiwa chuma cha springi kina kumbukumbu, na ukikipika bila kujua kukizima kinasahau kazi yake. Kitapinda vizuri leo, na mwezi ujao kitanyooka tena. Bapa dogo la chini la upande wa kulia lilikuwa na ufa. Akalitupa pembeni, akakata jingine kutoka springi ya Land Rover iliyokufa. Lile lenye ufa Baba Watoto akarudi nalo nyumbani, hatupi kitu.

Walirudi saa kumi na moja jioni. Springi ya kushoto ikapanda. Ya kulia ikapanda nusu: mbele imeshika, nyuma inaning'inia. Nilikuwa napiga pasi gauni la tisa nilipoona mzee ananawa mikono.

"Mama, jua linazama."

Nilikuwa nimesahau. Mzee ni Msabato. Nikamwomba. Nikamwambia imebaki bolti moja, mbili. Nikamwonyesha magauni. Akayasifu, kwa kweli aliyasifu vizuri, akashika na pindo moja kwa ncha za vidole vilivyooshwa, akasema, "Kesho jua likizama, nipo hapa." Kule Mamba, Sabato ililetwa mwaka 1903, wamisionari wa Kijerumani walipoanzisha kituo chao cha kwanza cha nchi hii pale Giti. Nilikuwa nabishana na miaka mia moja na ishirini na ushee, halafu kwa upole kabisa ikavaa koti, ikaniaga.

Jumamosi ile sitaisahau. Gari liko juu ya mawe, mlango wa banda la kuku haufunguki zaidi ya kiganja, na kuku waliokonda wanapita, walionenepa wanabaki. Mtetea mmoja akataga ndani ya gurudumu lililolazwa chini. Baba Watoto alizunguka gari lile mara kadhaa na spana mkononi. Kila akichuchumaa nasikia mawe yananong'ona. Mwisho nikachukua kiti changu cha cherehani, nikakiweka penye springi ya kulia, nikakaa na mshono wangu. Mwaka 1945 watu wa Upare walishuka kwa maelfu hadi hapa hapa Same, wakakaa kugomea kodi ya mbiru. Mimi nilikaa kugomea spana namba kumi na saba. Alinisalimia alasiri kama mtu anayepita kituo cha polisi.

Jua lilipozama mzee alibisha hodi, na tochi yake kichwani. Saa nne usiku gari likashuka kwenye mawe. Hapo nikaona jambo lililonifurahisha kuliko yote: bolti za mwisho, zile zinazobana bushi za springi, alikuwa hajazikaza. Alisubiri gari lisimame kwa miguu yake, uzito wote chini, kisha ndipo akaingia kuzikaza. Ukizibana likiwa hewani, alisema, bushi inajisokota siku ya kwanza na haitadumu. Nami pindo la nyuma silipimi mteja akiwa amekaa.

Tepu: nyuma 67. Juu ya mbele kwa sentimita tatu. Mume wangu alisogea nyuma hadi ukutani, akaliangalia gari kwa mwanga wa tochi, akafuta macho na kusema ni vumbi.

Tuliondoka saa kumi alfajiri. Magauni nimeyafunga ndani ya nailoni, na nailoni ndani ya shuka, nimeyalaza kiti cha nyuma kama maiti ya malaika. Tukaacha lami kwenye njia panda ya Mwembe, na hapo ndipo tulipogundua kwamba hatuoni. Gari lililonyanyuka nyuma limeinama mbele, na taa zinatazama pale pua inapotazama. Tulikuwa tunamulika hatua nne za ardhi mbele yetu, zimemulikwa vizuri mno, kila kokoto na kivuli chake. Baada ya hapo ni giza. Baba Watoto akaendesha mwendo wa bata. Mimi nikatoa kichwa dirishani kumwambia kona.

Wokovu ulikuwa umesimama Mwembe penyewe: akina mama wawili wa kwaya, wenye miili yao, wanakwenda sherehe ile ile, na gunia la mchele wa Ndungu. Gunia likaingia kwenye buti. Akina mama wakaingia nyuma, kila mmoja na nusu ya malaika mapajani. Nikaona taa zinapanda. Zikaacha kokoto, zikapanda tuta, zikagusa migomba ya mtu, zikatulia barabarani mahali pake. Sikupima, lakini ukiniuliza nitakwambia nyuma ilikuwa 64, sawa na mbele.

Kutoka hapo tulipanda. Baridi ikaingia, tambarare ya Same ikabaki chini na vumbi lake, na Capri likapanda kona bila ekzosi kugusa jiwe hata moja. Lazima niseme haki: lilipanda vizuri. Saa moja kasorobo tulikuwa Mbaga, na magauni tisa meupe.

Mama mkwe alitoka na khanga yake. Nikapiga goti, shikamoo, marahaba. Akina mama walishashuka na gunia limeshatolewa, kwa hiyo mkia ulikuwa juu kwa fahari yake yote. Alilizunguka gari lote, mkono nyuma.

"Mwanangu, mbona limeinama kama mbuzi anakunywa maji?"

Baba Watoto akacheka, akatoa simu. Alikuwa ameipiga picha ile ya sebuleni. "Si ndivyo lilivyokuwa, Mama? Tazama, la Baba."

Mama mkwe akaisogeza simu mbali na macho, akaileta karibu. Kisha akaanza kucheka mpaka khanga ikamvuka bega.

"Hapo tulipata pancha. Kati ya Voi na Taveta, mchana, jua linachoma. Baba yako amelipandisha jeki, mwenzake wa reli akasema ngoja nikupige picha. Baba yako akavaa miwani." Akagusa ukingo wa picha kwa ukucha. "Jeki iko hapa, haikuingia. Na mimi niko hapa, nimeshika spana na sufuria."

Mume wangu hakusema kitu. Aliiangalia picha muda mrefu, halafu akauliza kama chai ipo.

Sherehe ilikwenda vizuri. Mpwa alibarikiwa, gauni lake halikuonyesha hata alama ya pasi, makande yalitosha na kubaki. Mama mkwe aliliona lile bapa lenye ufa kwenye buti, akalipima kwa shubiri, akasema halirudi Same. Chuma kama hicho kinatoa panga la kufyekea migomba la miaka ishirini. Badala yake tukapakiwa mikungu mitatu ya ndizi na tangawizi nusu gunia, na gari likakaa sawasawa kama meza.

Tulikuwa tumeshateremka karibu kufika Mwembe, jua linaelekea kuzama, tuliposikia pumzi inatoka. Tairi la nyuma, kushoto. Baba Watoto akatafuta jeki, akazungusha, mkia ukaanza kupanda taratibu na ndizi zote ndani. Alipofikisha mahali pa kutoa tairi akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali. Akaenda kwenye dashibodi, akachukua miwani yake myeusi. Hakuniangalia. Akakiegemeza kiwiko kwenye bodi.

Nikaiweka spana chini, nikatoa simu. Jeki ilikuwa inaonekana. Nikasogea hatua mbili kulia, ikatoka kwenye picha.